Kabla hujagusa planja: ninavyopanga upinde wa rikavu

Mpiga mishale anapokuja kwangu akilalamika kwamba mishale yake inakimbilia kushoto, mara nyingi ufunguo mdogo wa planja, kile kifaa chenye chemchemi kinachougusa mshale ubavuni, uko tayari mkononi. Ameikaza, ameilegeza, ameikaza tena. Namwomba auweke chini, kisha nachukua rula na kuupima upinde wake kuanzia mwanzo: limbu (mikono miwili ya upinde inayopinda), ugwe, kilalio cha mshale, noki (kile kishikio cha nyuma ya mshale kinachokaa kwenye ugwe). Katika pinde nyingi nilizozishika, kasoro haikuwa kwenye planja. Ilikuwa hatua mbili tatu nyuma, na planja ilikuwa inalazimishwa kuificha.

Kupanga upinde kuna mfuatano, na kila kipimo kinakaa juu ya kile kilichotangulia. Ukiruka kimoja, vyote vinavyofuata vitakudanganya. Hapa ninazungumzia rikavu ya vipande vitatu, upinde wenye ncha zilizopinda kwenda mbele, ule wa Olimpiki, mkononi mwa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia, kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini. Anayevuta kwa kushoto ageuze tu kushoto na kulia. Kampaundi, upinde wa magurudumu, ina mambo yake, tuiache.

Uzito unaoubeba kweli

Soma maandishi kwenye limbu. Ukikuta 68 na 30, maana yake ni kwamba limbu hizo zikifungwa kwenye raiza (kipande cha kati chenye mpini) ya inchi 25 utapata upinde wa inchi 68, na ukiuvuta hadi inchi 28 vidole vitabeba paundi 30. Inchi hizo 28 ndizo zinazowapoteza wengi. Zinahesabiwa kutoka kwenye mfereji wa noki hadi kwenye planja, kisha unaongeza inchi 1¾. Msichana wa miaka kumi na minne, au mtu mzima mwenye mikono mifupi, anaweza kufika kidevuni akiwa kwenye inchi 26 tu. Kila inchi inayopungua inaondoa takriban paundi 2, kwa hiyo yeye anapiga kwa paundi 26 hivi. Mishale iliyonunuliwa kwa hesabu ya paundi 30 itakuwa migumu mno kwake, na atahangaika na planja mwaka mzima bila kujua kisa.

Kupima si kazi kubwa. Mizani ya mkono ya kupimia mabegi ya safari inatosha. Nasa ndoano yake kwenye ugwe, vuta taratibu hadi umbali unaovuta wewe, soma, kisha rudisha taratibu. Usiachie ugwe bila mshale hata mara moja. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale inabaki ndani ya upinde, na limbu inaweza kupasuka usoni pako.

Boliti za limbu zinaweza kuongeza au kupunguza uzito kidogo, takriban asilimia 10 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Usizifungue kupita kikomo alichoweka mtengenezaji.

Limbu zinyooke, ndipo mengine yafuate

Funga ugwe, uegemeze upinde juu ya viti viwili, usimame nyuma yake. Bandika kipande cha utepe wa karatasi karibu na mwanzo wa kila limbu na uweke alama katikati kabisa. Sasa tazama kwa jicho moja: ugwe unapaswa kupita juu ya alama zote mbili. Kama juu umekaa katikati na chini umeegemea pembeni, limbu moja imekaa vibaya. Raiza nyingi za kisasa zina sehemu ya kurekebisha hilo kwenye mifuko ya limbu. Fuata maelekezo ya raiza yako. Kama haina, jaribu ugwe mwingine na limbu nyingine kabla hujailaumu raiza.

Baada ya hapo pima tila, yaani umbali kutoka kwenye ugwe hadi pale limbu inapokutana na raiza, juu na chini. Kwa anayevuta kidole kimoja juu na viwili chini, umbali wa juu huwa mkubwa kidogo kuliko wa chini, kati ya milimita 0 na 6. Mimi naanzia 3 au 4. Limbu iliyokazwa zaidi ndiyo inayoonyesha umbali mfupi, kwa hiyo ukitaka tofauti iongezeke, kaza kidogo ya chini au legeza kidogo ya juu. Kisha naiacha tila. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza sioni faida ya kuichezea zaidi ya hapo.

Kimo cha ugwe

Hiki nakipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji kununua chochote na kinabadilisha tabia ya upinde mzima. Ni umbali kutoka kwenye planja hadi kwenye ugwe, upinde ukiwa umefungwa na haujavutwa. Kwa upinde wa inchi 66, anzia kati ya inchi 8¼ na 8¾. Wa inchi 68, kati ya 8½ na 9. Wa inchi 70, kati ya 8¾ na 9¼.

Unakirekebisha kwa kuusokota ugwe. Misokoto ikiongezeka, ugwe unafupika na kimo kinapanda, ikipungua, kinashuka. Kimo kikiwa chini, mshale unakaa kwenye ugwe muda mrefu zaidi, unaondoka na kasi zaidi, lakini kila mtikisiko wa mkono wako unaufuata. Kikiwa juu, mshale unaondoka mapema na kasi inapungua kidogo. Mahali pazuri pako katikati, na sikio linapafahamu kabla ya macho. Anzia chini ya kiwango, piga mishale sita, ongeza misokoto mitatu au minne, piga tena, ukiandika kila mara. Mahali fulani mlio utabadilika: ule mtetemo mkali utatulia na raiza itaacha kukutikisa kiganjani. Ukipapita, kelele inarudi. Rudi pale palipotulia, andika namba.

Ugwe mpya hurefuka siku za mwanzo, hivyo pima kila unapofunga upinde. Ugwe wa Dacron, aina ya uzi wa poliesta, ndio unaotanuka zaidi, nao ndio salama kwa pinde za mbao za kufundishia zisizotengenezewa nyuzi zisizotanuka. Na kwa sisi wa Dar, Mombasa na sehemu nyingine za joto: upinde usiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Gundi inayoshika tabaka za limbu haivumilii joto lile, na limbu iliyojipinda haipangiki tena.

Kilalio, planja na noki

Weka kilalio ili katikati ya mshale ikutane na katikati ya kichwa cha planja. Kile kijiwaya kinachobeba mshale kisichomoze nje ya upana wa mshale. Kikichomoza, manyoya yatakigonga. Kisha simama nyuma ya upinde, ugwe upite katikati ya limbu zote, na utazame ncha ya mshale. Kwa anayevuta kulia inapaswa kuonekana imetoka kidogo kushoto kwa ugwe, kama nusu ya upana wa mshale. Chemchemi ya planja iache katikati, si ngumu si laini. Huo ndio mwanzo wake, na haiguswi mpaka nitakapoirudia.

Alama ya noki kwenye ugwe ianzie karibu nusu inchi juu ya mstari wa pembe mraba unaotoka kwenye kilalio. Ifunge kwa uzi, si kwa shaba, kwa sababu utaisogeza. Noki yenyewe ijaribiwe hivi: ning'iniza mshale kwenye ugwe, ncha ikielekea chini, kisha gonga ugwe kwa kidole. Mshale uanguke kwa pigo hilo jepesi, usianguke kabla. Noki inayobana inachelewa kuachia. Inayolegea inaweza kuchomoka ukiwa umevuta, na hapo umeachia ugwe mtupu.

Ugumu wa mshale

Ukitazama video ya mwendo wa polepole ya mtu anayepiga kwa vidole, utaona mshale ukijipinda kama samaki anayeogelea. Ugwe unapoteleza kwenye vidole hauondoki moja kwa moja mbele. Unasukumwa kando, mshale unabanwa kati ya ugwe unaousukuma na uzito wa ncha iliyo mbele, unaegemea planja, unajipinda na kujikunjua hadi uupite upinde. Mshale wenye ugumu unaolingana na upinde unapita bila kuugusa tena. Usiolingana unagonga, au unatoka ukiwa umeelekea upande.

Ugumu huo una namba. Mshale unawekwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, katikati unaning'inizwa uzito wa paundi 1.94, ambao ni gramu 880, na unapimwa umepinda kiasi gani. Ukipinda nusu inchi, namba yake ni 500. Ukipinda inchi nzima, ni 1000. Kwa hiyo namba kubwa ni mshale laini. Yule wa inchi 26 na paundi 26 ataanza kutafuta karibu na 1000, wakati mwenzake wa paundi 40 na mikono mirefu yuko kwingine kabisa. Mkikopeshana mishale klabuni, mkumbuke hilo.

Namba iliyoandikwa si mwisho wa habari. Mshale ukikatwa mfupi unakuwa mgumu zaidi. Ncha nzito inaufanya utende kama laini. Ndiyo maana nawasihi wanaoanza wasikate mishale yao mapema: mshale mrefu ni salama, na kijana anayekua bado ataongeza inchi. Ukishakata, huwezi kurudisha.

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hawana jedwali la namba, lakini ukitazama muda wanaotumia kwenye mshale mmoja, kuupasha moto ufito, kuunyoosha kwa meno na mikono, kuutazama na kuurudia tena, unaona watu wanaojua kwamba mshale unastahili uangalifu uleule wa upinde. Kwetu kwenye klabu ni kinyume: mtu anajibana anunue raiza ya bei, halafu anaokota mishale yoyote iliyobaki kwenye podo.

Mishale isiyo na manyoya

Sasa majaribio. Simama mita 18. Chukua mishale mitatu yenye manyoya na miwili isiyo nayo, yote ya aina moja, urefu mmoja, ncha moja. Manyoya hurekebisha makosa ya mshale njiani. Usio na manyoya unafika na kosa lake lote. Nyuma ya shabaha pawe wazi, maana unaweza kwenda usikotarajia. Na kama mishale yako yenye manyoya bado haikai ndani ya sentimita 20, subiri. Jaribio hili haliwezi kusoma mkono ambao haujatulia.

Soma juu na chini kwanza. Isiyo na manyoya ikikaa juu ya mingine, alama ya noki iko chini mno, ipandishe. Ikikaa chini, ishushe, milimita moja au mbili kwa mara. Ikiwa chini kidogo tu mimi naiacha, kwa sababu alama ya noki iliyo chini mno inafanya mshale uruke juu ya kilalio, na hilo linavuruga hata usomaji wa kushoto na kulia. Hakikisha pia hakuna kinachogusana: pulizia poda kwenye raiza na kilalio, piga, uangalie kama manyoya yameacha mstari. Yakigusa, zungusha noki kidogo au punguza kile kijiwaya.

Ndipo kushoto na kulia. Kwa anayevuta kulia, isiyo na manyoya ikienda kushoto mshale ni mgumu mno. Ikienda kulia ni laini mno. Ukiwa mgumu, legeza planja, ongeza uzito wa upinde kidogo, au weka ncha nzito zaidi. Ukiwa laini, fanya kinyume. Kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha piga seti nzima kabla ya kugusa kingine. Tofauti ikiwa upana wa kiganja, planja itaimaliza. Ikiwa sentimita 30 au zaidi, mshale huo si wako, na hakuna chemchemi itakayoufanya uwe wako.

Ukifika mita 70 utarudia baadhi ya haya, kwa sababu kosa dogo la mita 18 linakua njiani, na duara la pointi 10 la shabaha ya sentimita 122 lina upana wa sentimita 12.2 tu. Huo ndio umbali aliopigia Shehzana Anwar kwenye Olimpiki ya Rio 2016, alikobeba pia bendera ya Kenya. Lakini mfuatano ni uleule.

Andika namba zote kwenye karatasi na uibandike ndani ya kifuniko cha sanduku la upinde: uzito ulioupima, tila ya juu na ya chini, kimo cha ugwe, alama ya noki, mizunguko ya planja, namba ya mshale na uzito wa ncha. Siku utakapobadilisha ugwe, rudisha kwanza kimo na alama ya noki kwenye namba hizo, piga isiyo na manyoya, na planja uiache pale ilipo mpaka uone matokeo.