Si kila kifaru hurushwa kwa mwavuli

Video za magari ya kivita yakishuka kwa miavuli zimewaaminisha wengi kwamba kifaru chochote kinaweza kuachiwa angani, askari wakiwa ndani, kikatua na kuondoka. Sivyo. Abrams, kifaru cha Marekani chenye tani zaidi ya 60, husafirishwa na ndege ya mizigo ya C-17, lakini ndege hiyo lazima itue uwanjani kwanza.

Gari la kurushwa hubuniwa hivyo tangu mwanzo. Sheridan ya Marekani, tani 15 hivi, ilikuwa na bodi la alumini, na ilifungwa kwenye jukwaa juu ya matabaka ya kadibodi yenye matundu kama sega la nyuki. Jukwaa likigonga chini, kadibodi ndiyo inayopondeka. Hata hivyo, baadhi ziliharibika zilipodondoshwa Panama mwaka 1989.

Na askari? Kwa kawaida huruka kivyao, kisha hulitafuta gari, tena pengine gizani. Januari 1973 Wasovieti wawili, Aleksandr Margelov na Leonid Zuev, walitua wazima ndani ya BMD-1, gari la kivita jepesi la vikosi vya miavuli vya Kisovieti, ila lilikuwa jaribio, tena la kuthubutu mno.

Wepesi nao una gharama. Bodi jembamba la BMD halikuhimili mabomu ya ardhini kule Afghanistan, na vikosi vya miavuli vikaishia kupewa magari mazito zaidi.