Muda wa kundi: hesabu inayoamua jezi ya njano

Kila mwaka Tour de France, mbio za baiskeli za wiki tatu nchini Ufaransa, ikianza, swali hurudi palepale: vipi mtu ashinde hatua tatu, yaani mbio za siku tatu, na bado asiikaribie jezi ya njano ya anayeongoza mbio nzima? Biniam Girmay wa Eritrea alishinda tatu mwaka 2024, akaondoka na jezi ya kijani, na kwenye msimamo wa jumla hakuwa tishio kwa yeyote.

Jezi ya njano ni muda mtupu. Muda wa kila hatua hujumlishwa, mwenye jumla ndogo ndiye anayeivaa. Kinachowachanganya watazamaji ni jinsi muda wenyewe unavyotolewa.

Tuchukue hatua ya kubuni, tambarare, Mombasa hadi Malindi, kama kilomita 120. Waendeshaji 60 wanafika wameshikana. Wa kwanza anakata mstari kwa saa 2 na dakika 50. Wa 60 anakata sekunde 12 baadaye, lakini naye anaandikiwa saa 2 na dakika 50 kamili, kwa sababu wote ni kundi moja. Mwamuzi hapimi umbali wa mtu na mshindi. Anatazama gurudumu la nyuma la mmoja na gurudumu la mbele la anayemfuata. Pengo likifika sekunde 1, kundi limekatika.

Hapo ndipo watu huumia. Tuseme wa 61 yuko sekunde 2 nyuma ya wa 60. Hapotezi sekunde 2, anapoteza 14! Kundi lake huhesabiwa kuanzia mshindi, kwa hiyo zile 12 walizosamehewa wa mbele zinamwangukia yeye na wote walio nyuma yake kwenye kundi hilo. Ndiyo maana wanaowania jezi ya njano hugombania nafasi ya 20 au 30 kwa viwiko, ilhali hawana mbio za kushinda siku hiyo. Ili kupunguza ajali, hatua za tambarare huweza kuwekewa pengo la sekunde 3. Kwa kanuni hiyo, wa 61 wetu angeandikiwa muda wa mshindi.

Mwendeshaji akianguka au akipata pancha ndani ya kilomita za mwisho, kwa kawaida 3, hupewa muda wa kundi alilokuwa nalo wakati huo. Kinga hii haipo hatua inapomalizikia kileleni, wala kwenye mbio dhidi ya saa, ambazo waendeshaji hawaanzi kwa kundi.

Kisha kuna bonasi: watatu wa kwanza hupunguziwa sekunde 10, 6 na 4. Si kidogo. Mwaka 1989 Greg LeMond alimshinda Laurent Fignon kwa sekunde 8 baada ya wiki tatu za mbio.

Jezi ya kijani haijali muda, ni pointi za nafasi. Mshindi wa hatua tambarare huchukua 50, wa pili 30, wa tatu 20, na zipo nyingine katikati ya njia. Hapo ndipo Girmay alipovuna. Jezi ya madoa mekundu nayo hutafutwa vileleni: mlima mgumu kupita madaraja yote hutoa 20 kwa wa kwanza, wa daraja la nne hutoa 1. Jezi nyeupe ni ya njano iliyohesabiwa kwa walio chini ya miaka 26. Mtu akiongoza jezi mbili huvaa ile yenye hadhi ya juu, ya pili akavalishwa anayemfuata, kwa hiyo unayemwona na jezi si lazima awe kiongozi wake. Timu huhesabiwa kwa muda wa watatu wao wa kwanza wa kila siku, wala si watatu walewale hadi mwisho.

Kwa wanaoandaa mbio za hatua hapa pwani, saa moja ya mkononi haitoshi. Wekeni kamera ubavuni mwa mstari, mmoja asome namba kwa sauti, mwingine aandike tu. Mkishapata mpangilio, andikeni kwanza muda wa makundi, halafu ndipo mpunguze bonasi. Mkianza na bonasi, mshindi atasomeka saa 2, dakika 49 na sekunde 50, na anayejaza jedwali atawapa kundi zima muda huo. Bonasi ya mtu mmoja imegawiwa watu 60.