Singo Mpya Zilizoweka Utamu Mwishoni

Tangu Rosalía, mwimbaji wa Hispania, atoe "Berghain" tarehe 27 Oktoba 2025, sijapoa. Wimbo haufiki hata dakika tatu, lakini ndani yake mna London Symphony Orchestra, kwaya inayoimba Kijerumani, Rosalía mwenyewe akipanda juu kwa sauti ya opera, kisha Kihispania, kisha mwimbaji Björk wa Iceland, kisha mwanamuziki Yves Tumor wa Marekani. Jina ni la klabu maarufu ya tekno mjini Berlin, kwa hiyo unaingia ukisubiri ngoma ya kompyuta na besi nzito. Unachopokelewa nacho ni vayolini zinazokimbia roho mkononi. Mara ya kwanza niliisimamisha katikati nikaanzisha upya, maana nilihisi nimepitwa na kitu.

Na kilichonimaliza kabisa si ule mwanzo. Ni ule mwisho. Björk anaingia wakati ambao wimbo mwingine wa pop ungekuwa tayari unarudia kiitikio kwa mara ya tatu, na anaingia kama mtu aliyekuwa akisikiliza chumba cha pili muda wote. Halafu Yves Tumor anashika sentensi moja chafu, nisiyoweza kuiandika hapa, anairudia na kuirudia kwa ukali unaozidi, na hiyo ndiyo inayofunga wimbo. Hakuna anayekuja kukubembeleza. Kwenye singo ya kwanza ya albamu! Unahitaji kifua kufanya hivyo.

Kazi yangu ni kuchanganya sauti, yaani kupokea ngoma, besi, gitaa na waimbaji waliorekodiwa mmoja mmoja na kuwafanya wakae pamoja ndani ya spika. Kila Ijumaa napitia singo mpya, siku ambayo tangu tarehe 10 Julai 2015 ndiyo siku ya kutoa muziki karibu dunia nzima. Na tangu 2025 kuna kitu nakisikia tena na tena kinachonifurahisha mno: watu wameanza kuijali theluthi ya mwisho ya wimbo.

Kwa nini hilo linanifurahisha hivi? Kwa sababu nguvu zote za biashara zinavuta upande wa pili. Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, huhesabu kwamba umeusikiliza wimbo ukishafika sekunde 30. Ukiuruka kabla ya hapo, haujahesabiwa. Basi kila prodyuza anajua pa kuweka mali yake: mbele kabisa. Hubert Léveillé Gauvin, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alichapisha mwaka 2017 utafiti uliopima nyimbo zilizovuma tangu katikati ya miaka ya 1980 hadi 2015, akakuta utangulizi wa ala pekee umeporomoka kutoka wastani wa zaidi ya sekunde 20 hadi kama sekunde 5. Nimeshakaa studio na wasanii wanaoomba kiitikio kianze sekunde ya kwanza, na siwalaumu. Lakini wimbo ukishatoa kila kitu mlangoni, dakika mbili zilizobaki ni za kujaza.

Ndiyo maana "The Subway" ya mwimbaji wa Marekani Chappell Roan naipenda kwa moyo wote.

Wimbo huu aliuimba jukwaani kwanza Juni 2024, kwenye tamasha la Governors Ball la New York, akiwa amevaa kama Sanamu ya Uhuru. Rekodi rasmi ikatoka tarehe 31 Julai 2025. Hebu fikiria kazi iliyomkabili yeye na prodyuza wake, Dan Nigro: zaidi ya mwaka mzima mashabiki wameishi na video za simu, makelele ya umati yakiwa sehemu ya wimbo. Sikio likishazoea hivyo, rekodi safi ya studio huonekana baridi. Nimeona nyimbo nyingi nzuri zikifa kwenye hatua hiyo, zinapakwa sauti juu ya sauti ili kuufukuzia ule msisimko wa uwanjani.

Hawa wamefanya kinyume. Beti zimeachwa na nafasi: gitaa linalong'aa, ngoma zisizo na papara, sauti ya Chappell mbele yako kabisa ikisimulia jinsi anavyomwona mtu waliyeachana naye kwenye treni. Kiitikio kinafunguka lakini hakimwagi kila kitu. Kisha linakuja beti la pili, ambapo anaapa kwamba miezi minne ikipita na hisia hizi bado zipo, anauhama mji na kwenda zake Saskatchewan, huko Kanada. Unacheka, na kicheko hakijaisha umeshaumia. Hapo ndipo wimbo unapoanza kutoa ulichokuwa umekiweka.

Weka hedifoni usikilize tamati ile. Maneno ni machache sana na yanarudiwa tu, lakini sauti zinazidi kuongezeka moja juu ya nyingine, na juu yake Chappell anaruka kutoka sauti nzito ya kifua kwenda sauti nyembamba ya kichwa, ule mvunjiko wake ambao wengine wangeusahihisha kwa programu. Sisi tunapojenga sehemu ya namna hii, hatunakili sauti moja mara nane. Ukinakili, unapata sauti ileile ikiwa kubwa zaidi tu. Mwimbaji anaimba upya kila mstari, tangu mwanzo, na kila safari anachelewa kidogo, anawahi kidogo, noti moja inakaa juu unywele mmoja. Tofauti hizo ndogo ndizo zinazoufanya umati wa mtu mmoja usikike mpana. Hakuna kitufe kinachotoa hicho. Mtu inabidi asimame aimbe.

Kuna na sababu ya kifundi inayosaidia mambo haya, na nadhani haizungumzwi vya kutosha. Zamani kila mtu alibana wimbo wake uwe na kelele mwanzo mwisho, ili ukipigwa baada ya wa jirani usionekane mnyonge. Sasa Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, husawazisha nyimbo kuelekea kiwango cha −14 LUFS, kipimo kinachofuata jinsi sikio linavyousikia ukubwa wa sauti kwa wastani wa wimbo. Ukipeleka wimbo uliobanwa kupita kiasi, unashushwa tu, na uhai wake ulishautoa bure. Lakini ukiacha beti la kwanza likae chini, unabaki na ngazi za kupanda. Mwisho unaweza kuwa mkubwa kweli, kwa sababu mwanzo ulikubali kuwa mdogo.

Chappell na Nigro walishaonyesha ujanja wa mwisho mapema, kwenye "Good Luck, Babe!" ya tarehe 5 Aprili 2024. Pale maneno ya mwisho yanapunguza mwendo na wakati huohuo yanazama chini, kama redio ya kaseti inayoishiwa betri. Kwenye kompyuta ya leo mwendo na kimo cha sauti ni vitu viwili tofauti. Unaweza kupunguza kimoja na kingine kisitikisike. Kuviacha vianguke pamoja ni uamuzi, ni kuirudia tabia ya utepe wa kaseti. Wimbo mzima ni onyo kwa mtu anayejidanganya, na hapo mashine yenyewe inachoka naye. Bado nasisimkwa kila nikiisikia.

Zipo nyingine. "Bloom Baby Bloom" ya Wolf Alice, bendi ya Uingereza, iliyotoka Mei 2025, ina kinanda kinachogongwa kwa hasira, na mwimbaji wao Ellie Rowsell akitoka kwenye mnong'ono hadi kupiga ukelele, na prodyuza ni Greg Kurstin, yuleyule wa "Hello" ya Adele, ambaye amejua kumwachia njia. "End of Summer" ya Julai 2025, ya Tame Impala, jina analotumia mwanamuziki Kevin Parker wa Australia, inapita dakika saba. Saba! Parker anaijenga kwa ngoma ya disko la usiku wa manane na hana haraka ya kukufikisha popote. Mimi niliipenda zaidi mara ya nne kuliko ya kwanza, na sina uhakika kwamba kila mtu atakuwa na subira hiyo. Ijaribu ukiwa unatembea, usiijaribu ukiwa na simu mkononi.

Isionekane kwamba nataka kila singo iwe na mlipuko mwishoni. "Man I Need" ya mwimbaji wa Uingereza Olivia Dean, iliyotoka Agosti 2025 na kushika namba moja Uingereza, haina hata chembe ya mambo hayo. Inaanza ikiwa imetabasamu na inamaliza ikiwa imetabasamu. Uzuri wake uko kwenye mdundo uliolegea kidogo nyuma ya mapigo, na sauti iliyorekodiwa karibu kiasi kwamba unasikia midomo ikifunguka kabla ya neno. Ukiiongezea daraja kubwa, yaani ile sehemu inayobadilika kabla ya kiitikio cha mwisho, na kwaya pale, umeiharibu. Niliiweka kwenye spika za kazini nikitaka kuichambua, nikajikuta nimeiacha ijirudie mchana kutwa huku kazi ya watu ikinisubiri.

Ukiwa na nafasi ya moja tu wiki hii, anza na "The Subway", na usiikate kabla haijakwisha yenyewe. Ukiwa na nafasi ya mbili, "Berghain", kwa sauti kubwa, bila watoto wadogo chumbani kwa sababu ya ile sentensi ya Yves Tumor. Ukiipata kali zaidi ya hizi kwa upande wa tamati, niandikie jina lake na dakika ambayo mambo yanageuka.