Mgambo wa kujitolea wa Ulaya kati ya vita kuu mbili: jeshi, chama, au nini?

Ukisoma historia ya Ufini, Estonia, Latvia na Lithuania ya kati ya 1918 na 1940, utakutana na majina ambayo vitabu vingi huyapitia juu juu, kwa mfuatano wa nchi hizo: Suojeluskunta, Kaitseliit, Aizsargi, Šauliai. Yote manne ni ya ukoo mmoja. Ni mgambo wa raia waliojiunga kwa hiari, wakapewa bunduki kwa idhini ya serikali, na kazi yao kubwa ikawa kulinda eneo wanamoishi. Usimfikirie mgambo wa jiji anayekimbizana na wamachinga. Huyu alikuwa mkulima, mwalimu au karani mwenye kazi yake ya kila siku. Jioni na Jumapili ndipo alipokwenda kulenga shabaha.

Kwa hiyo hakuwa askari wa jeshi la kudumu, kwa kuwa hakuishi kambini wala hakulipwa mshahara. Hakuwa pia mfuasi wa chama aliyepewa silaha na chama chake, maana alitambuliwa na sheria ya nchi. Alisimama katikati, na hapo ndipo penye utata wote wa dhana hii. Mtu mwenye bunduki anayerudi kulala kwake anamtii nani siku serikali na majirani zake wanapotaka mambo tofauti? Mimi naona swali hilo ndilo kipimo cha kuwaelewa, kuliko kuhesabu wanachama au bunduki zao.

Walizaliwa katika ombwe. Dola ya Tsar wa Urusi ilipoanguka 1917, polisi na utawala vilisambaratika nayo, na watu wa vijijini na mijini wakaanza kujipangia ulinzi. Estonia walikuwa na kikundi cha ulinzi kilichoitwa Omakaitse mwaka huo huo. Kaitseliit iliundwa tarehe 11 Novemba 1918, siku ile ile vita vilipokoma upande wa Magharibi na Wajerumani waliokuwa wakiikalia nchi wakiwa mbioni kuondoka. Kabla mwezi haujaisha, Jeshi Jekundu la wakomunisti wa Urusi lilikuwa limeshavuka mpaka upande wa Narva. Jeshi la taifa lilikuwa bado linaundwa, kwa hiyo waliojitolea walikuwa ngao ya mwanzo.

Ufini mambo yalikuwa machungu zaidi, kwani adui wa mgambo alikuwa Mfini mwenziwe. Wafanyakazi walikuwa na vikosi vyao vya Wekundu, wenye mali na wakulima wengi walikuwa upande wa Weupe. Tarehe 25 Januari 1918 Seneti, yaani serikali ya Ufini wakati huo, ilitangaza kwamba vikosi vya Weupe ndilo jeshi la serikali, chini ya Jenerali Mannerheim. Siku mbili baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, vikaendelea hadi Mei. Watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi wao Wekundu, na maelfu kati yao walikufia kwenye kambi za wafungwa kwa njaa na maradhi baada ya mapigano kwisha. Suojeluskunta ilitoka humo ikiwa shujaa kwa nusu ya nchi na mchinjaji kwa nusu nyingine. Sitii chumvi: “lahtari”, yaani mchinjaji, ndilo neno walilolitumia wafanyakazi kuwaita Weupe. Kwa zaidi ya miaka 20 mwanachama wa Social Democrats, chama cha wafanyakazi, hakuwa na nafasi ndani ya mgambo huo.

Na bado, ukitazama maisha yake ya kila siku, ulikuwa karibu sawa na klabu ya kijiji. Serikali ilitoa ruzuku na silaha, mwanachama akajinunulia sare. Pengo la fedha lilizibwa na dansi, maigizo na tafrija kwenye kumbi zao. Walishindana kwa skii na kulenga shabaha, wakawa sehemu kubwa ya michezo ya nchi. Walikuwa hata na karakana yao ya bunduki, ambayo ndiyo chimbuko la kiwanda cha SAKO kinachojulikana na wawindaji hadi leo. Herufi mbili za mwanzo za jina hilo zinatokana na maneno yanayomaanisha silaha za Suojeluskunta. Bunduki yao mashuhuri, modeli ya 28-30, ilikuwa Mosin-Nagant ya Kirusi iliyoboreshwa. Watu waliibandika jina Pystykorva, mbwa wa Kifini mwenye masikio yaliyosimama, kwa sababu ya vyuma viwili vilivyokinga kilengeo cha mbele mdomoni mwa mtutu. Wanawake walikuwa na Lotta Svärd, iliyoanza 1921: mapishi, uuguzi, kushona, na baadaye kukaa minarani kuangalia ndege za adui. Kufikia 1944 chama hicho kilikuwa na wanawake na wasichana zaidi ya 200,000, wakati wanaume wa Suojeluskunta mwanzoni mwa vita walikuwa takribani 100,000.

Mtihani wa utii ulikuja Februari 1932. Huko Mäntsälä, kaskazini ya Helsinki, wanamgambo mia kadhaa wenye silaha walivamia mkutano ambao mbunge wa Social Democrats, Mikko Erich, alikuja kuuhutubia. Vuguvugu la mrengo wa kulia la Lapua likadandia tukio hilo, likawaita watu kutoka sehemu nyingine za nchi wakusanyike na kuishinikiza serikali. Rais alikuwa Svinhufvud, mtu ambaye Lapua wenyewe walimsaidia kufika madarakani. Tarehe 2 Machi alizungumza redioni, akawaambia wanamgambo warudi makwao, na kwamba watakaorudi kwa amani hawataadhibiwa, isipokuwa viongozi wa uasi. Kamanda mkuu wao, Lauri Malmberg, alibaki upande wa Rais. Walio wengi hawakutoka majumbani, waliokuwa wameshatoka wakarejea, na ndani ya siku chache uasi ukafa. Lapua ikapigwa marufuku, Suojeluskunta ikaendelea.

Kwingine jibu lilikuwa tofauti. Latvia, Aizsargi walianza 1919 kama wajibu wa wanaume wa vijijini kusaidia polisi, kisha ikawa hiari. Usiku wa tarehe 15 Mei 1934 Waziri Mkuu Kārlis Ulmanis aliwatumia pamoja na jeshi kupindua katiba, akalivunja bunge na kufuta vyama. Lithuania, Januari 1923, wanachama wa Šauliai na askari waliovaa kiraia waliingia Klaipėda, mji uliokuwa chini ya usimamizi wa Wafaransa, ikidaiwa kwamba ni wenyeji wameinuka. Hapo mgambo ulikuwa pazia la serikali. Estonia nako, jaribio la mapinduzi la wakomunisti mjini Tallinn alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1924 lilizimwa kwa saa chache na jeshi na polisi, lakini hofu iliyobaki ndiyo iliyoipa Kaitseliit uhai mpya na mpangilio wa nchi nzima.

Kuna wanaochanganya hawa wote na Heimwehr wa Austria. Hilo si sahihi hata kama sare zinafanana. Heimwehr walikuwa mkono wa siasa ya kulia, wakikabiliana na Schutzbund, mkono wa wasoshalisti, na Februari 1934 pande hizo zilipigana waziwazi.

Thamani ya mfumo wa kimaeneo ilionekana Ufini. Kuanzia katikati ya miaka ya 1930 uitaji wa askari wa akiba ulipangwa kufuata wilaya, hivyo mtu aliripoti karibu na kwao, kati ya watu anaowajua. Sovieti ilipovamia tarehe 30 Novemba 1939, jeshi lilikuwa limeshapanga mistari. Simo Häyhä, mkulima wa Rautjärvi aliyevuma kama mdunguaji huko Kollaa, alijiunga na mgambo akiwa na miaka 17 na alipigana akitumia Pystykorva yake. Februari 1940, vita vikiendelea, mlango ukafunguliwa hatimaye kwa Social Democrats.

Estonia, Latvia na Lithuania hazikupigana. Juni 1940 serikali zao zilikubali masharti ya Moscow, na mgambo, kwa sababu uliitii serikali, ukasalimisha silaha. Kamanda wa Kaitseliit, Johannes Orasmaa, alifia katika kambi ya Sovieti 1943. Wajerumani walipoingia 1941, baadhi ya waliokuwa wanamgambo walijiunga na vikosi vya wasaidizi wao, vingine vikashiriki kuua Wayahudi. Hili watetezi wao hulisema kwa sauti ya chini. Suojeluskunta ilivunjwa Novemba 1944, sharti likiwa la Sovieti baada ya kusitisha vita. Kaitseliit ilifufuliwa Februari 1990 kwa jina lake la zamani, kabla hata uhuru haujarudi. Latvia ilianzisha Zemessardze 1991. Ufini haikuirudisha Suojeluskunta. Inategemea jeshi la kuandikishwa kwa lazima na askari wake wa akiba.