Socrates, Euthyphro na lile swali la uchaji: watu wanalivyosimulia na lilivyo

Kila akitajwa Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hakosi mtu wa kusema "si ndo yule alinyongwa kwa kukataa miungu?" Kwanza hakunyongwa, alinywa sumu, Athens, mwaka 399 KK. La kukataa miungu nalo lilikuwa shtaka tu: kijana mmoja anaitwa Meletus alidai mzee anaharibu vijana na kuzusha miungu mipya. Ukimsoma kwa Plato, mwanafunzi wake, unakuta mtu anayelichukulia kwa uzito jibu la kuaguliwa la hekalu la Delphi, na maneno yake ya mwisho anamkumbusha rafiki yake Crito kwamba wanadaiwa jogoo wa Asclepius, mungu wa uponyaji. Mkana dini gani anakufa akiwaza sadaka?

Dhana nyingine, eti yale mazungumzo yake na Euthyphro kuhusu uchaji, yaani kuicha miungu, ambayo Plato aliyaandika kwenye kitabu kiitwacho Euthyphro, yalikuwa kwenye hukumu yake. Hapana, yalikuwa kabla, kwenye baraza la ofisa aliyeitwa "mfalme" japo hakumtawala mtu, alikuwa anapokea kesi za dini na za mauaji (mabaki ya hilo baraza yalifukuliwa 1970). Socrates kaja kwa kesi yake, Euthyphro, mtabiri, kaja kumshtaki baba yake mzazi.

Kisa chenyewe ni kizito. Kibarua wao kule kisiwa cha Naxos alilewa akamchinja mtumwa wa nyumbani, baba yake Euthyphro akamfunga mikono na miguu akamtupa mtaroni, akatuma mtu Athens kuwauliza wajuzi wa dini afanyweje, na kabla mjumbe hajarudi kibarua akawa ashakufa kwa njaa na baridi na zile kamba. Ndugu wakamjia juu Euthyphro, mtoto kumshtaki baba ni kuikosea miungu! Maana uchaji kwa Wagiriki haukuwa hasa jambo la moyoni, ulikuwa matendo: kafara, viapo, kuzika wafu, kuheshimu wazazi.

Watu wengi humchukulia Euthyphro kama mjinga wa hadithi, mi sikubali kihivyo. Yeye anasema cha kuangalia ni kama muuaji aliua kwa haki, si kama marehemu ni ndugu au mtu baki, na kumsimamia kibarua dhidi ya baba yako kwa zama zile si mchezo. Socrates naye hasemi popote kwamba baba huyo hana hatia. Kinachomponza Euthyphro ni kujiamini: anadai anaujua uchaji barabara, akiulizwa ni nini anajibu ni hiki ninachofanya sasa hivi, mbona hata Zeus, mfalme wa miungu, alimfunga baba yake. Huo ni mfano, haujakwambia ni kitu gani kinaufanya uwe uchaji. Anajaribu tena, ni kile miungu inachopenda, Socrates anamuuliza, lakini hiyo miungu yao si inagombana kutwa? Euthyphro anajibu, basi kile inachopenda yote.

Hapo ndo swali lenyewe linakuja: tendo linapendwa na miungu kwa sababu ni la uchaji, au ni la uchaji kwa sababu linapendwa? Wengine wanaona ni kucheza na maneno. Hebu litazame kwa Kiswahili, kubeba na kubebwa: mzigo unabebwa kwa sababu kuna mtu anaubeba, kule kubebwa hakujatokana na mzigo wenyewe. Kupendwa ni hivyo hivyo. Sasa Euthyphro kashakubali miungu inalipenda tendo kwa vile ni la uchaji, kwa hiyo kupendwa kumekuja baadaye, na bado hajasema uchaji ni nini.

Na watu wanadhani swali lilihusu Mungu mmoja, wakati pale walikuwa wanaongelea miungu mingi, la Mungu mmoja lilikuja baadaye. Waislamu nao walibishana jambo linalofanana sana na hili, kundi la wanateolojia la Mu'tazila wakisema akili inaweza kujua jema na baya, wapinzani wao wa Ash'ari wakisema jema ni lile aliloamrisha Mungu.

Kuna wanaotafuta jibu la Socrates mwishoni mwa kitabu. Halipo. Socrates na Euthyphro wanajaribu uchaji kama kuitunza miungu, kama kuitumikia, mpaka inafika kuwa biashara ya kuomba na kutoa, wanajikuta wamerudi kwa "kinachopendwa", na Socrates anataka waanze upya. Euthyphro anakumbuka ana haraka, anaondoka, Socrates anabaki barazani na kesi yake.