Kwa nini dhahabu ya kale hutoka mchangani ikiwa bado inang'aa?

Maji yakishakupwa Bagamoyo na ufuko ukabaki wazi, okota msumari uliolala mchangani mwaka mmoja tu. Utaukuta umeliwa na kutu. Shaba iliyozikwa hapo hugeuka kijani, na fedha hupiga weusi. Lakini pete ya dhahabu safi, hata ikae ardhini miaka mia nane, isuuze tu kwa maji na itameta kana kwamba imetoka kwa sonara jana. Imeponaje?

Kutu hutokea pale chuma kinapopoteza elektroni zake, zile chembe ndogo zinazozunguka kiini cha atomu, kwa oksijeni na maji. Chumvi ya bahari huharakisha kazi hiyo. Dhahabu haziachii zake. Kiini cha atomu yake kina protoni 79, na mvuto huo mkubwa huzifanya elektroni za ndani kabisa ziende kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga. Mwendo huo unabadili umbo zima la atomu: elektroni ya nje inavutwa karibu na kushikwa barabara, oksijeni isipate cha kuchukua. Ajabu ni kwamba rangi ya njano nayo inatokana na jambo hilohilo.

Sonara anaitumia tabia hii kila siku. Anasugua kito kwenye jiwe jeusi, anadondosha tindikali ya naitriki juu ya alama, kisha anatazama. Shaba huyeyuka ikaacha ukijani, dhahabu hubaki palepale. Ila kito cha karati 9 kina dhahabu kasoro ya nusu, na ile shaba na fedha iliyochanganywa ndani yake huweza kuchafuka. Kwa hiyo pete ya kale yenye weusi kidogo si lazima iwe bandia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kifaru mdogo wa Mapungubwe, Afrika Kusini, aliyefukuliwa miaka ya 1930 katika kaburi la watawala wa karne ya 13. Alitengenezwa kwa mabati membamba ya dhahabu yaliyopigiliwa juu ya mti. Mti ulioza wote. Dhahabu ilibaki.

Na detekta, ile mashine ya kupitisha juu ya ardhi, inaijuaje dhahabu? Kusema kweli haiijui. Koili yake, yaani waya uliozungushwa duara, hupitisha umeme unaobadilika-badilika, nao huzaa usumaku unaopenya mchangani. Usumaku huo ukikuta metali, huamsha ndani yake umeme mdogo wa kuzunguka, na umeme huo unarudisha usumaku wake kwenye koili. Hapo mashine hulia. Umeme huo unahitaji njia ya kuzunguka, ndiyo maana pete nzima hulia vizuri, pete iliyokatika hulia kwa unyonge, na mkufu mwembamba wenye vijiduara vidogo unaweza kupitwa kabisa. Kishikizo cha kopo la soda hutoa sauti inayokaribiana sana na ya pete ya dhahabu. Mchanga uliolowa maji ya chumvi nao hupitisha umeme, basi ufukoni mashine huchanganyikiwa. Pete moja ikizama zaidi ya shibiri hivi, nyingi za mashine hizi haziipati.

Wapo wanaoyatazama magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, au Tongoni, kusini mwa Tanga, wakidhani chini ya makaburi yale ya nguzo kuna hazina. Ni makaburi ya Waislamu. Maiti wa Kiislamu huzikwa kwa sanda, bila bangili wala mkufu. Nguzo za Tongoni zilipambwa kwa bakuli za kaure kutoka ng'ambo. Nyingi zimeng'olewa na yamebaki matundu yake tu. Inauma kuyaona.

Hata kito kingepatikana, kuna jambo moja ambalo mwenye detekta hulisahau. Kwa kuwa dhahabu haibadiliki, haibebi umri wake. Haina kaboni ya kupimwa, wala kutu ya kuchunguzwa. Ufundi wa kito huweza kudokeza zama zake, lakini ushahidi mzito umo katika udongo ulioizunguka: kigae cha chungu, kipande cha kaure, mkaa wa jiko la zamani. Ukiichomoa kwa jembe umebaki na gramu za dhahabu tu, na aliyeivaa hutamjua kamwe.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 imelishika hili. Kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 ni cha kale kisheria, anayekigundua anatakiwa kutoa taarifa serikalini, na kuchimba kunataka leseni. Kwa hiyo ukiona kitu kinameta baada ya mvua, kipige picha kilipo, weka alama mahali pale, usikisugue, usiendelee kuchimba. Kisha kawaite watu wa Mambo ya Kale waje wakikute na udongo wake.