Mpango wa kaunti ni nini, na unaamuaje nini kijengwe wapi

Mtu akikwambia "kaunti ina mpango", muulize ni upi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya Kenya, ya mwaka 2012, inataja mipango ya aina nne, na kila mmoja una kazi yake. Kuna mpango jumuishi wa maendeleo, ambao maofisini na mitaani huitwa kwa herufi zake tu, CIDP. Huu ni wa miaka 5 na hufuata mzunguko wa uchaguzi: 2013 hadi 2017, 2018 hadi 2022, na wa sasa wa 2023 hadi 2027. Kuna mipango ya sekta, yaani maji, afya, kilimo, barabara na kadhalika, ambayo ni ya miaka 10. Kuna mpango wa ramani wa kaunti nzima, nao ni wa miaka 10 na hupitiwa upya kila baada ya miaka 5. Halafu kuna mipango ya miji na manispaa.

CIDP husema kaunti itafanya nini. Mpango wa ramani husema kifanyike wapi. Hapo ndipo shida nyingi huanzia, kwa sababu CIDP kila kaunti inayo, lakini mpango wa ramani kaunti nyingi zimeuchelewesha. CIDP isiyo na ramani hugeuka orodha ya maombi ya wadi: kila mwakilishi wadi ataka zahanati yake, soko lake, barabara yake. Zahanati mbili zinajengwa karibu karibu, kila moja upande wake wa mpaka wa wadi, na kijiji kilicho mbali na zote mbili kinabaki vilevile. Hakuna aliyeiba chochote hapo. Ni kwamba hakuna aliyeweka zahanati zote, barabara na idadi ya watu kwenye karatasi moja kabla ya kugawa pesa.

Nguvu ya kisheria ya mipango hii iko katika kifungu cha 104 cha sheria hiyo: pesa za umma hazitengwi nje ya mpango. Kwa hiyo mradi usiotajwa popote katika mipango hauna mlango halali wa kuingilia kwenye bajeti. Njia ya pesa nayo ina tarehe zake, na anayetaka jambo la kwao lizingatiwe azikariri. Kila mwaka, kufikia Septemba 1, serikali ya kaunti hupeleka kwenye bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, ambao ni kipande cha CIDP kilichokatwa cha mwaka mmoja. Kufikia Februari 28 hupelekwa waraka wa mkakati wa fedha, ambao huweka kiwango cha juu cha kila idara. Kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti yawe bungeni, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Wananchi wengi hujitokeza kwenye vikao vya maoni vya mwezi wa Mei, wakati viwango vimeshafungwa na kilichobaki ni kuhamisha pesa kidogo kutoka huku kwenda kule. Anayetaka daraja jipya aanze kulisemea kabla ya Septemba ya mwaka uliotangulia.

Sasa tuje kwenye ramani yenyewe. Sheria inataka iwe ya kidijitali, yenye tabaka: mito na chemchemi, aina ya udongo, misitu, mapito ya mifugo na wanyamapori, barabara, mabomba, shule, mahali watu wanapoishi na mahali wanapoongezeka. Ukiziweka tabaka hizo moja juu ya nyingine, maeneo yenyewe huanza kujieleza: hapa panafaa kilimo, hapa pana mafuriko, hapa mji unaweza kupanuka bila kula shamba la maana. Kisha kaunti huamua kanda, yaani kila eneo liwe la matumizi gani, na pia huchagua miji michache ya kukuza, ili huduma za gharama kubwa zielekezwe huko. Uamuzi huu wa mwisho ndio wenye uzito kuliko wote. Bomba kuu la majitaka na barabara ya lami huvuta majengo kuliko tangazo lolote la serikali. Kaunti ikipaka eneo rangi ya kilimo kwenye ramani, halafu ikapitisha lami katikati yake, madalali watafika kabla ya lami kukauka.

Lamu ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo kuandaa mpango wa ramani, wa 2016 hadi 2026, na sababu zinaeleweka: mji mkongwe ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, mikoko, malisho, uvuvi, na bandari mpya ya LAPSSET, mradi wa usafiri wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ambayo gati lake la kwanza lilizinduliwa Mei 2021. Bandari haisubiri mtu. Inapotangazwa, bei ya ardhi hupanda siku hiyohiyo, na wakazi ambao hawajapata hati miliki ndio wa kwanza kusukumwa.

Kajiado inaonyesha kinachotokea ukuaji ukiutangulia mpango. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika kaunti hiyo. Ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni Nairobi iliyovuka mpaka kuja Ongata Rongai, Ngong na Kitengela kutafuta ardhi ya bei nafuu. Ardhi hiyo zamani ilikuwa malisho ya pamoja. Ranchi za jamii ziligawanywa, kila familia ikapata hati yake, na hati ikishakuwa ya mtu mmoja inauzika. Wakati huohuo nyanda hizo ndizo wanyama wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi huzitegemea msimu wa mvua, maana mbuga yenyewe ni kilomita za mraba 117 tu na upande wake wa kusini ndio ulioachwa wazi. Ua mmoja hauwafungii nyumbu njia. Nyua mia moja zilizowekwa na watu mia moja wasiojuana huifunga kabisa, na ng'ombe wa jirani pia hawapiti. Hakuna mwenye ploti anayeweza kuliona jambo hili akiwa ndani ya ua wake; ni ramani ya kaunti tu inayoliona.

Kugawa ardhi vipande kunastahili hesabu, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi huumia. Ploti ya kawaida sokoni ni hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100, sawa na futi za mraba 5,000. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Dalali atakwambia ekari inatoa ploti nane, na kwa kugawanya tu ni kweli. Lakini ichore. Ekari ya mraba ina upande wa karibu futi 209. Panga ploti nne kwa safu, safu mbili zikitazamana, na utakuwa umekula futi 200 kwa 200. Kilichobaki kati ya safu hizo ni njia ya futi 9 hivi, chini ya mita 3. Gari la zimamoto halipiti kwa usalama, lori la taka halipiti, na hakuna mahali pa mtaro, bomba la maji wala nguzo ya umeme. Ukitaka barabara ya mita 9, ni karibu futi 30, na ploti za safu zote mbili zitapungua urefu hadi kama futi 90. Muuzaji hapendi hesabu hiyo, kwa hiyo barabara hubanwa, na baada ya miaka kumi kaunti inaombwa ipitishe mtaro mahali pasipo na nafasi. Kuirudisha nafasi hiyo kunahitaji fidia na kubomoa kuta za watu. Ni ghali mara nyingi kuliko kuiacha wazi tangu mwanzo.

Kinga dhidi ya hayo ni kibali cha uendelezaji, na hiki kinatokana na sheria nyingine, ile ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Chini yake, kugawa ploti, kubadilisha matumizi (mfano kutoka kilimo hadi makazi, au makazi hadi biashara) na kujenga vyote ni uendelezaji, na vyote vinahitaji kibali cha kaunti kabla ya kuanza. Ombi hupelekwa kwa ofisi ya mipango likiwa na michoro ya wataalamu waliosajiliwa. Ofisi huuliza maoni ya idara za barabara, maji, afya ya umma, mazingira na upimaji. Kisha hukubali, hukubali kwa masharti, au hukataa na kutoa sababu. Siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, sheria huchukulia kwamba kibali kimetolewa. Kifungu hicho kiliwekwa kumlinda mwananchi dhidi ya ofisi inayokalia mafaili, lakini kina upande wa pili: kaunti isiyo na wataalamu wa mipango wa kutosha inaweza kupitisha jengo baya kwa kunyamaza tu. Aliyekataliwa ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Anayeanza ujenzi bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa jela muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Kwa shamba la kilimo kuna hatua nyingine ambayo watu huichanganya na hii: idhini ya bodi ya kusimamia ardhi. Bodi huangalia kama mauzo au mgawanyo unafaa, mwenzi na familia wakiwamo. Haiangalii upana wa barabara. Barua ya bodi haichukui nafasi ya kibali cha kaunti, na hati miliki yenyewe pia haichukui. Hati inathibitisha kwamba ardhi ni yako. Haisemi unaruhusiwa kujenga ghorofa tano juu yake.

Kosa linalorudiwa zaidi, na linaloua, ni kujenga kando ya mito. Kanuni za maji za Kenya zinataka nafasi ya mita 6 hadi 30 kutoka ukingo, kulingana na mto. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na Nairobi walioathirika zaidi walikuwa wakazi wa mabondeni, Mathare ikiwa mfano. Baada ya maji kupungua, matingatinga yakaletwa. Mpango ambao unaonekana kwa macho siku ya kubomoa pekee umeshindwa kazi yake, na wanaolipa ni wapangaji wa nyumba za mabati ambao hawakuwahi kuona mchoro wowote.

Ndiyo maana Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, ni mfano wa kuangaliwa kwa makini. Mnamo Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza vijiji vya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mipango. Tangazo la aina hiyo huipa kaunti nafasi ya kusimamisha ujenzi mpya kwa muda usiozidi miaka miwili ili mpango uandaliwe. Wakazi walipangwa katika vikundi vidogo vya nyumba jirani, maoni yakakusanywa kutoka mlango hadi mlango, na vyuo vikuu pamoja na mashirika ya kiraia yakagawana mada: maji, afya, barabara, elimu, umiliki. Jambo la maana lililojifunzwa ni kwamba viwango vya kawaida vya upana wa barabara, vikitumiwa jinsi vilivyo kwenye mtaa uliobanana hivyo, huhamisha watu wengi mno. Ilibidi viwango vyenyewe vijadiliwe. Mpango mzuri huanza na watu waliopo, na kazi ngumu ni kuamua ni njia gani ipanuliwe na ipi ibaki ya miguu.

Kuna mambo ambayo kaunti moja haiwezi kuyapanga peke yake. Mombasa hunywa maji ya Mzima yanayotoka Taita Taveta, ya Baricho huko Kilifi na ya Marere huko Kwale. Nairobi hutegemea bwawa la Ndakaini lililoko Murang'a. Kwa hiyo shamba linalogeuzwa mtaa karibu na chanzo cha maji katika kaunti moja ni mfereji mkavu katika nyingine. Sheria ya 2019 inaruhusu mipango ya pamoja kati ya kaunti, na Jumuiya ya Kaunti za Pwani, yenye Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, ingekuwa mahali pa kuanzia. Juu ya zote kuna mpango wa ramani wa taifa wa 2015 hadi 2045, ambao mipango ya kaunti inatakiwa kuufuata.

Kwa anayetaka kununua ploti, haya yote yanafupika kuwa safari moja ya ofisi ya mipango ya kaunti, kabla ya kutoa hata malipo ya kwanza. Nenda na namba ya ardhi. Uliza iko kwenye ukanda gani na ukanda huo unaruhusu nini. Omba kuona mchoro wa ugawaji uliopitishwa, wenye mhuri na namba ya kibali, kisha nenda nao shambani ukapime barabara kwa utepe kutoka jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka, kwa sababu barabara ya mita 9 kwenye karatasi mara nyingi huwa ya mita 5 kwenye udongo. Uliza kama kuna hifadhi ya barabara kuu, njia ya umeme au mto unaogusa kiwanja. Mwisho uliza kama bomba la maji la eneo hilo limo kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka huu au limetajwa kwenye CIDP tu. Likiwa kwenye CIDP tu, andaa pesa za kuchimba kisima.